Mkaja Kunitazama

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kuna nyumba moja njiani kwangu ambayo kwa wiki 11 nimekuwa nikiipita huku nikiangalia upande mwingine. Ndani yake amelala ndugu yangu niliyeimba naye besi katika kwaya kwa miaka 19. Alipigwa na kiharusi, upande wa kulia umekufa ganzi, na sauti ile iliyokuwa ikitubeba sote sasa ni mguno. Nilikwenda siku za mwanzo, tukiwa kundi. Tangu hapo nimetuma pesa kwa simu mara tatu, nimemtaja kwenye maombi ya Jumatano, na kila nilipotaka kukata kona niingie kwake, moyo uliniuliza: ukifika utamsaidia nini? Wewe si daktari. Utaongea nini na mtu asiyeweza kukujibu? Basi nikapita.

Jumatatu nilikaa kuandaa neno kutoka Yohana 15:13. "Hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake." Nikatafuta mfano, nikakumbuka habari ya kijana wa Kanada, Andrew Mynarski.

Alizaliwa Winnipeg mwaka 1916, wazazi wake wahamiaji kutoka Poland. Baba alifariki yeye akiwa bado kijana mdogo, akaingia kazi ya ngozi ili nyumbani wapate kula. Mwaka 1941 akajiunga na Jeshi la Anga la Kanada, akawa mpiga bunduki katika Lancaster, ndege kubwa ya kudondosha mabomu yenye injini nne na watu saba. Kibanda chake kilikuwa mgongoni mwa ndege. Rafiki yake Pat Brophy alikaa peke yake mkiani kabisa, katika kibanda cha vioo. Ndege ile ilibeba mabomu na chini yake kulikuwa na watu. Sisahau hilo, wala sisemi vita ni kitu kitakatifu. Nasema habari za kijana mmoja ndani yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, wiki moja baada ya majeshi yaliyopigana na Wajerumani kutua pwani ya Normandy, Ufaransa, walitumwa kupiga njia za reli za Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Ndege ya Wajerumani ikawavizia. Injini mbili za kushoto zikazimika, moto ukawaka bawani na ndani ya tumbo la ndege. Rubani akaamuru wote waruke. Mynarski akashuka, akafika mlangoni, parachuti kifuani. Akageuka kutazama mkiani, akamwona Brophy amenasa. Kibanda kile kilizungushwa kwa nguvu iliyotoka kwenye injini, na injini zimekufa. Mpini wa kukizungusha kwa mkono nao ukavunjika.

Akauacha mlango. Akatambaa katikati ya moto hadi mkiani, akapiga kwa shoka, shoka lisifae, akang'ang'ana kwa mikono mitupu huku nguo zake zikiwaka. Brophy akampungia mkono: nenda, jiokoe. Akarudi kinyumenyume, hakumpa mgongo. Alipofika mlangoni akasimama wima, akapiga saluti, midomo ikatamka neno. Brophy hakulisikia kwa kelele, ila alilijua. Ni lile alilozoea kumwambia kila walipoagana usiku: usiku mwema, bwana.

Akaruka, parachuti nayo inawaka. Wafaransa walimkuta hai, lakini majeraha ya moto yalimuua. Alikuwa na miaka 27. Amezikwa Méharicourt. Na Brophy? Ndege iliposhuka shambani na kuvunjika, kibanda kilifunguka kikamtupa nje. Akapona. Wale wengine watano nao walipona. Brophy ndiye aliyesimulia, na mwaka 1946 Mynarski akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani, naye yu kaburini.

Sasa tazameni kilichonikalisha chini. Tunazoea kusema alimwokoa rafiki yake. Hakumwokoa! Shoka halikufungua kitu. Ukipima kwa matokeo, kutambaa kule hakukuleta chochote. Lakini mtu aliyebaki peke yake ndani ya kile kibanda alijua kwamba ameendewa.

Na mimi nilikuwa nauliza, "Nitamsaidia nini?" Nikafungua Mathayo 25, sura ninayoijua tangu shule ya Jumapili, nikaisoma kama mgeni. "Nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Kunitazama, wapendwa. Bwana hakusema mkaniponya. Hakusema mkanitumia. Rafiki zake Ayubu, kabla hawajaharibu kwa maneno, waliketi naye chini siku saba kimya. Wanawake penye msalaba hawakuwa na koleo la kung'oa misumari. Walisimama tu, na Yohana akaona ni vema kutuandikia kwamba walisimama.

Naomba mnivumilie, maana hili nalisema kwangu kwanza. Kanisa letu limekuwa hodari wa msiba. Akifa ndugu huyu, jioni hiyo hiyo turubai litafungwa, viti vitakodiwa, kamati itakaa hadi usiku wa manane, na mimi nitapewa kusoma wasifu. Leo angali anapumua, na kiti kimoja kando ya kitanda chake hakina mtu. Tunawaombea wagonjwa kwa majina lakini hatujui chumba wanacholala kina dirisha upande gani. Tubuni pamoja nami.

Alhamisi nilikata kona. Shemeji akafungua, akasema "Karibu shemeji," wala hakuniuliza nilikuwa wapi wiki zote hizo. Nilianza kuomba sala ndefu, nikaona naikimbilia ili nisimtazame, nikanyamaza. Nikakaa. Nikamfuta mate kwa kitambaa. Alinitazama, akalala, akaamka, akanitazama tena.

Baada ya muda shemeji akasimama mlangoni akaniuliza kwa aibu, "Utakaa kidogo? Naomba nikaoge." Nikasema nenda. Alipotoka bafuni akajiegesha kwenye kochi, usingizi ukamchukua palepale, akalala hadi saa 12 jioni.

Jumamosi narudi, saa 9 alasiri, ili yeye apate kwenda sokoni. Jumanne na Ijumaa hakuna mtu bado. Anayeweza aniambie.