Nyapara akiwa sahibu yako

Nyapara wa mkonge hatoki mbali. Juzi alikuwa na panga kwenye mstari uleule, leo amekabidhiwa daftari, na anaowahesabia ni wale aliocheza nao bao, walioshika jeneza la baba yake, na wawili watatu anaodaiana nao kwenye kikoba. Mashamba ya Tanga yote yana mtu wa namna hiyo. Anachoharibikiwa kwa kawaida si jambo kubwa. Wizi wa robota zima la kilo 250 hauna utata, hata sahibu yako anajua utamripoti. Kinachomvunja nyapara ni majani matatu.

Bunda la mkonge ni majani 30. Mkataji analipwa kwa kipande, kwa hiyo kila bunda ni hela. Sahibu yako akifunga mabunda 100 ya majani 27, amekata majani 2,700, ambayo ni mabunda 90. Ukimwandikia 100, umemlipa mabunda kumi ambayo hayako barabarani. Siku ya kwanza haionekani. Ila nyuzi kavu ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, haina urafiki na mtu: mzigo ulioandikwa na nyuzi zinazotoka vitapishana, na wa kuulizwa ni mwenye daftari. Wakati huo wakataji wengine wameshajua zamani. Wao huhesabu mabunda ya mwenzao kabla yako.

Basi anza palepale penye majani matatu. Fungua mabunda ya sahibu yako mbele yake, na fungua idadi ileile kwa jirani zake wa kushoto na kulia, ili isiwe umemfuata yeye. Kisha msogeze pembeni, siku hiyohiyo, mstarini. Usingoje jioni kwenye kahawa na kashata. Ukilisema barazani linageuka kuwa utani, na kama ninyi ni Waboshazi, Mbondei, Msambaa na Mzigua, utani utakushinda kabla hujamaliza sentensi. Sema namba tu: “Sahibu, mabunda matatu niliyofungua yana majani 27, 26 na 27. Bunda ni 30. Imekuwaje?” Halafu nyamaza umsikilize. Pengine ni mgeni anayemsaidia kufunga, pengine mgongo unamuuma na anakimbilia kumaliza. Mwambie ayajazie sasa hivi, usimwandikie mpaka yatimie, na tarehe ya onyo hilo la mdomo iingie daftarini. Kosa la wengi ni kuanza na “wewe unajua mimi sikufichi kitu”. Ukishaanza hivyo umeomba radhi kabla ya kuonya.

Kukata kupita kiasi ni kubaya zaidi kuliko bunda pungufu, ingawa hakukasirishi mtu siku hiyo. Mkataji anayetaka kumaliza haraka hushuka kwenye majani machanga ya katikati, mmea unadumaa, na majani yanayofuata yanatoka mafupi. Nyuzi fupi zinashuka daraja. Hapa usibishane kwa maneno, mpeleke kwenye mmea wenyewe mwone wote wawili.

Akirudia, andika barua. Iwe na tarehe, namba ya mstari, idadi uliyohesabu, kanuni iliyovunjwa, na unachotaka kifanyike kuanzia kesho. Neno “tabia mbaya” liondoe, halithibitishi kitu. Kama kusoma kunampa tabu, isome kwa sauti. Akikataa kusaini, mwite mtu wa tatu asaini kwamba amesomewa. Usimbembeleze wala usimtishe.

Likifika kwenye kikao cha nidhamu, urafiki wenu una faida ya ajabu: sheria yenyewe inakutoa. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka kikao kiongozwe na mtu wa uongozi ambaye hakuhusika na tukio. Wewe ni shahidi, kaa na daftari lako. Mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na ana haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kanuni hizohizo zinauliza pia kama sheria ya kazini imetumika kwa watu wote sawasawa. Yaani ukimsamehe sahibu mara nne, siku utakapomfukuzisha mtu mwingine kwa kosa lilelile, ana la kusema mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na yale majani matatu yatatajwa.

Faini ya mfukoni usiiguse. Manyapara wengine huona ni huruma: “sikuandikii barua, nakata elfu tano tu.” Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imefunga mkono hapo. Makato ya hasara yana utaratibu wake, na hayazidi robo ya ujira.

Haya yote ni ya shambani. Kwenye korona hakuna hatua ya kirafiki. Anayeingiza mkono kuchomoa jani lililokwama ngoma ya mashine ikiwa inazunguka anatolewa kwenye mashine dakika hiyo, awe shemeji yako au nani. Mashine inazimwa kwanza, maneno baadaye.

Deni la kikoba lilipe au lihamishie kwa mwingine kabla hujashika daftari, maana nyapara anayedaiwa hahesabu hadi 30. Na asubuhi ya baada ya barua, mgawie mstari kwa zamu ileile ya siku zote. Ukimtupa kwenye kipande chenye magugu kuliko cha wenzake atasema umemkomoa, na safari hii itakuwa kweli.