Hesabu za mwanangu na mimba hii
Mimba hii imenilaza, jamani. Mwanangu namsomesha mwenyewe hapa nyumbani Wete, na kitabu cha hesabu nilichonunua mwanzo, picha tele, kila ukurasa kinataka mtu mzima akae aeleze. Nguvu hiyo sina.

Nikatafuta kingine kisicho na rangi: mfano mmoja juu, hatua kwa hatua, hesabu chache chini, majibu nyuma. Wenye mimba nzito, majibu nyuma ndiyo ya kuangalia kabla hamjalipa! Sasa anafanya peke yake, anajisahihisha, nami nimelala ubavu namsikiliza.

Hesabu za sehemu tu, nusu na robo, ndizo zilimtoa machozi. Nikamwambia alete mchele: vibaba 4 ni pishi 1, basi kibaba ni robo. Kapima, kapima tena, kacheka.