Maji magumu ya Dodoma na gharama zake nyumbani

Mtu anayehamia Dodoma kutoka Mwanza, ambako maji ya Ziwa Victoria ni laini, huitambua tofauti mara anapokaa kufua. Sabuni ya mche iliyokuwa ikitoa povu kwa kusuguliwa kidogo tu, hapa huisugua mpaka inakonda, na badala ya povu hupata utando wa kijivu unaoelea juu ya maji na kuganda kwenye kingo za beseni. Shuka nyeupe hufifia na kuwa na rangi ya majivu, taulo hukakamaa kambani, na mwenye nguo huanza kulaumu sabuni, fundi wa bomba, hata dada wa kazi.

Lawama hizo hazistahili, kwani chanzo ni maji yenyewe. Kwa miaka mingi mji huu umetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe, kaskazini mwa mji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Sehemu kubwa hurudi hewani kwa jua na upepo, na ile kidogo inayopenya ardhini hukaa muda mrefu katika miamba na udongo, ikiyeyusha madini. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za kina cha maji ya Makutupora, zinazoanzia miaka ya 1950, walionyesha kwamba hazina hiyo hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Ugumu wa maji husababishwa hasa na kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo ndiyo yanayoishika sabuni ya mche na kuigeuza kuwa ule utando kabla haijagusa uchafu. Sabuni ya unga hufua vizuri zaidi kwa sababu imetengenezwa isinaswe kwa urahisi na madini hayo.

Jikoni hasara huonekana ndani ya birika la umeme. Maji yanapochemka, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka, na sehemu ya kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka hugeuka chokaa, ikatua kwenye chuma na kujenga ukoko mweupe unaokwaruza kidole. Wengi huuita chumvi, lakini ukiulamba hauna ladha ya chumvi, na ukiuweka katika maji safi hauyeyuki. Ukimwagia siki au maji ya limao, utasikia ukichemka kwa sauti ndogo na kutoa mapovu, kisha unalegea. Acha kwa saa moja hivi, suuza, na birika hurudi kung'aa ndani. Kazi hii ifanywe mara kwa mara, maana ukoko ulioachwa unene huzuia joto lisifike kwenye maji, umeme huliwa bure, na mwishowe hita huungua. Ukoko huohuo huziba matundu ya bomba la mvua bafuni na vali za hita ya maji ya kuoga, na hapo gharama huwa kubwa zaidi kuliko ya birika.

Kuhusu afya, ninawasihi wenzangu wapunguze hofu. Nimesikia mara nyingi kwamba ukoko wa kwenye birika ndio unaokwenda kuwa mawe kwenye figo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ugumu wa maji kwa misingi ya afya, kwa kuwa halioni ushahidi wa kutosha kwamba ugumu wenyewe unamdhuru binadamu. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Mwenye ugonjwa wa figo na afuate maelekezo ya daktari wake. Ladha ya chumvi inayosikika katika baadhi ya visima ni jambo jingine, na kuchemsha hakuiondoi.

Kinachoniumiza zaidi ni sufuria ya maharage. Kalsiamu hukaza ngozi na nyama ya punje, hivyo maharage ambayo kwingine yangeiva kwa mkaa wa jiko moja, hapa hudai kuongezewa mkaa mara mbili, na mama lishe anayeuza sahani kwa bei ileile ndiye anayelipa. Magadi, ambayo Wagogo wameyatumia tangu zamani katika mlenda, hulainisha maji na punje pia, ila yakizidi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Kwa hiyo kidogo sana kinatosha. Kwenye beseni la kufulia, kinyume chake, hakuna haja ya kubana: magadi yakitangulia kwenye maji kabla ya sabuni, povu hutoka.

Hata hivyo dawa iliyo bora inatua juu ya mabati yetu kila msimu, na tunaiacha ikichimba makorongo uani. Maji ya mvua ni laini. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 550, hupokea lita 55,000. Ukitoa kinachopotea, bado maji ni mengi kuliko matangi ya nyumba nyingi yanavyoweza kuhifadhi. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, nyumba zimeota kila upande, na ninapita mbele ya nyingi nzuri, zenye vigae na mageti ya chuma, zisizo na hata kipande cha gata. Tangi la lita 5,000 likitengwa kwa maharage, chai na nguo nyeupe tu, huku maji ya bomba yakiachiwa choo, deki na bustani, familia ndogo inaweza kulitumia kwa muda mrefu baada ya masika. Manyunyu ya kwanza yaachwe yaoshe vumbi la paa, tangi lifunikwe vizuri lisizalishe mbu, na ya kunywa yachemshwe. Wenye nyumba za kupangisha ndio ninaowaomba zaidi, kwa sababu mpangaji hawezi kufunga gata kwenye paa lisilo lake.