Tamaa inayotimia kupita kiasi

Umeme unaporudi jioni hapa Kadutu, mjini Bukavu, mimi na dada yangu mkubwa hutazama vichekesho vya zamani vya televisheni ya Marekani vilivyotafsiriwa kwa Kifaransa, na kisa kinachotuchekesha zaidi ni kile cha mtu anayepewa alichokitamani kisha akajuta. Katika I Dream of Jeannie, iliyorushwa kuanzia mwaka 1965 hadi 1970 kwa vipindi 139, mwanaanga Tony Nelson anaokota chupa kisiwani, na jini wa kike aliyemo anakuwa mtumishi asiyengoja hata kuagizwa. Kwa maoni yangu, kichekesho hakitokani na uchawi wenyewe, bali na jini kuyapokea maneno kama yalivyotamkwa bila kupima nia ya msemaji, hata Tony akawa anahangaika kumficha machoni pa Bellows, daktari wa akili wa NASA, kuliko anavyofurahia zawadi zake. Mwandishi Mwingereza W. W. Jacobs aliitumia mbinu hiyohiyo mwaka 1902 katika hadithi yake The Monkey's Paw, ila kwake inatisha.

Dada yangu, ambaye huteka maji bombani kila alfajiri, husema yeye angeomba mvua tu. Nami humuuliza, “Yaya (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa), na huu mteremko ulio nyuma ya nyumba?”