Hoteli za Kuishi Ndani ya Hadithi: Je, Bei Yake Inastahili?

Kila linapozuka swali la iwapo hoteli zinazomfanya mgeni aishi ndani ya hadithi zinastahili bei yake, mfano unaotajwa kwanza ni Galactic Starcruiser, hoteli ambayo kampuni ya Disney iliifungua Florida, Marekani, mwezi Machi 2022 kwa ajili ya mashabiki wa Star Wars, mfululizo wa filamu za vita vya angani, kisha ikaifunga mwishoni mwa Septemba 2023. Watu wawili walilipa takriban dola 4,800 kwa usiku mbili, na familia ya watu wanne karibu dola 6,000. Wengi waliilinganisha bei hiyo na ya chumba cha kawaida, wakasema ni wizi wa mchana kweupe. Mimi naona ulinganisho huo si wa haki, kwa sababu kilichouzwa pale hakikuwa kitanda.

Kilikuwa tamthilia ya siku mbili ambayo mtazamaji ni mhusika. Mgeni aliingia katika chombo cha angani cha kubuni, akatazama madirisha ambayo kwa hakika yalikuwa skrini zenye nyota, akazungumza na nahodha na wahudumu walioigizwa na waigizaji wa kweli, na maamuzi yake yakamvuta upande wa waasi au wa watawala. Milo, vinywaji visivyo na kilevi na kiingilio cha bustani ya burudani vilikuwa ndani ya bei. Vyumba vilikuwa 100 tu, kwa hiyo ujira wa waigizaji, mafundi na wapishi uligawanywa kwa wageni wachache mno. Ukuta hupakwa rangi mara moja ukatumika miaka. Mwigizaji hulipwa kila siku, na haiwezekani mtu mmoja akazungumza na umati mzima kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja: katika fedha ninazotoa, ni sehemu gani inayokwenda kwa watu watakaoshughulika nami, na ni sehemu gani inayokwenda kwa mapambo? Niliwahi kulala katika hoteli iliyojinadi kuwa ni safari ya baharini. Kitanda kilichongwa kama mashua, taa za mapokezi zilining'inia kwenye kamba za nanga, na spika iliyofichwa nyuma ya kabati ilitoa sauti ya mawimbi. Kwa nusu saa ya kwanza nilifurahi kweli. Baada ya hapo hakuna kilichotokea tena: mhudumu alinikabidhi ufunguo na nywila ya intaneti, asubuhi kifungua kinywa kikawa kile kile cha hoteli yoyote, na sauti ya mawimbi ikarudia pale pale ilipoanzia hadi nikatafuta swichi ya kuizima. Chumba cha namna hiyo hakistahili hata robo zaidi ya bei ya chumba cha kawaida, kwa maana mapambo huonekana yote siku ya kwanza na hayana la kuongeza siku ya pili.

Hata hivyo, kuwapo kwa waigizaji peke yake hakutoshi. Katika Galactic Starcruiser sehemu kubwa ya hadithi ilipitia programu ya simu, iliyompa mgeni ujumbe, majukumu na ratiba. Hapo nina shaka kubwa. Mgeni aliyelipa ili asahau ulimwengu wake wa kila siku anapolazimika kuinamia skrini ile ile anayoinamia kazini, kitu fulani cha thamani kinapotea. Tena, ratiba ilijaa kuanzia asubuhi hadi usiku, kiasi kwamba mwenye kutaka kupumzika alikuwa anapitwa na kile alichokilipia. Kwa wazazi wenye watoto wadogo hili ni jambo zito, maana mtoto akichoka hadithi haimsubiri.

Ziko hoteli ambazo hazihitaji kuigiza chochote, na kwangu hizi ndizo zenye hoja yenye nguvu zaidi. Kule Jukkasjärvi, kaskazini mwa Uswidi, Icehotel hujengwa upya kila majira ya baridi kwa barafu ya mto Torne. Wageni hulala ndani ya mifuko ya kulalia, juu ya ngozi za wanyama, katika vyumba vyenye baridi ya nyuzi 5 hivi chini ya sifuri. Katika Jules' Undersea Lodge, huko Key Largo, Florida, mgeni hupiga mbizi kiasi cha mita 6 ili kuufikia mlango wa nyumba ambayo zamani ilikuwa maabara ya utafiti wa baharini. Barafu ni barafu na bahari ni bahari. Hapo kuamini hakuhitaji juhudi, na usiku mmoja unatosha kabisa. Icehotel yenyewe huwashauri wageni walale usiku mmoja kwenye barafu na mwingine katika chumba chenye joto.

Kwa upande wa hoteli za hadithi, ningemshauri alipe yule tu anayeipenda hadithi husika tangu zamani na asiyeona haya kuzungumza na mtu aliyevaa vazi la kuigiza, tena kwa fedha ambazo hazidaiwi na ada ya shule wala kodi ya nyumba. Anayefuatana na mwenzake kwa kumridhisha tu atalipa bei ile ile na kupata nusu ya starehe. Kama hoteli inaruhusu, afadhali mpenzi wa hadithi aende na rafiki anayeipenda kama yeye. Na kabla ya kulipa, apige simu kuuliza ni waigizaji wangapi watakuwapo usiku huo, kwa wageni wangapi.