Timazi kwenye Ndoo ya Oili

Mwaka 2012, nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi ujenzi, nilipelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye ghorofa refu lililokuwa linapanda maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Hosteli Mabibo, juu ya kitanda, nilikuwa nimebandika picha ya Burj Khalifa, mnara wa Dubai. Mita 828, mabawa matatu yakiegemea kiini cha pembe sita, umbo likibadilika kila linapopanda ili upepo usipate pa kujipanga. Hayo nilikuwa nayo kichwani. Saiti nikapewa timazi.

Lilikuwa pande la chuma linaloning'inia kwa waya ndani ya shimo la lifti, kutoka ghorofa ya 19 hadi chini, limezamishwa kwenye ndoo ya oili chafu ya gari. Bila oili waya hautulii, utakesha unausubiri. Kazi yangu ilikuwa kupima kwa rula waya umeachana kiasi gani na alama ya ukutani, ijulikane kama jengo limesimama wima, basi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikapata milimita 9. Mnara umelalia upande wa Kariakoo! Nikarudia, zikatoka zilezile. Nikaandika ripoti ya ukurasa mzima, neno "hatari" limo mara tatu, nikampelekea fundi mkuu, mzee wa Tanga tuliyemwita Mjomba. Aliisoma huku anatafuna kitumbua.

"Ulipima saa ngapi?"

"Saa nne, Mjomba."

"Kesho njoo saa kumi na moja alfajiri. Na vitumbua ulete."

Nilifika adhana haijaisha. Tukapima kwa tochi: milimita 2. Saa nne, zikawa 9 tena. Nikaanza kuishuku rula.

Mjomba akanipandisha juu, ambako kuta za kiini, zile zinazozunguka shimo la lifti, zilikuwa zimetangulia sakafu na jua linazipata bila kizuizi. "Weka mkono." Ukuta wa upande wa bahari ulikuwa wa moto. Akanizungusha hadi ule wa Kariakoo: baridi kama mtungi. Zege likipata joto hurefuka, na upande mmoja ukirefuka peke yake mnara hujikunja kulikimbia jua. Jioni tulipopima, waya ulikuwa umehamia upande wa pili. Kosa letu halisi lilikuwa zile 2 za alfajiri, na hizo zilikubalika.

Baadaye nilisoma kwamba Dubai nako walihangaika na hilohilo. Jua, upepo na kreni viliuchezesha mnara, hata wapimaji wakafunga vipokezi vya satelaiti juu kabisa, pamoja na vipimo vya mwinamo, wajue umesimama wapi kila wanapopima. Picha yangu ya ukutani haikuonyesha hayo.

Ripoti sikurudishiwa. Niliikuta mchana chini ya chupa ya chai ya Mjomba, "hatari" mbili zimelowa. Kwenye daftari, pembeni ya milimita, nikachora safu nyingine nikaandika juu yake: saa.