Ekseli ya nyuma ya Land Rover ya Ami

Land Rover ya ami yangu ilikuwa 109, Series IIA, pikapu, ile ndefu yenye kebini ya watu watatu wakibanana na nyuma wazi, na kufikia 1998 ilikuwa ishabeba kila kinachobebeka Malindi: maembe na mananasi ya Magarini, makuti, mawe ya kujengea, papa mkavu, bibi harusi, na maiti pia siku zikilazimu. Bodi yake ya aluminiamu haikuwa na neno. Kinachooza kwenye Land Rover ni vile vya chuma, chesisi na ekseli, na huku kwetu pwani chumvi haina mchezo. Halafu ikaja mvua ya El Niño mwisho wa 1997, barabara ya Marafa ikawa tope tupu, na Ami hakutaka kusikia habari ya kulaza gari, maembe yatamsubiri nani?

Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, nasubiri matokeo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kutumwa spana.

Sasa, haf-shafti, ile fito ya chuma ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu, kuvunjika kwetu ilikuwa habari ya kawaida kabisa, zile za zamani zenye meno 10 zilikuwa nyembamba na Ami alikuwa na mguu mzito wa klachi. Ikivunjika unafungua bolti sita za pale kwenye hab unachomoa, gari iko kwa magurudumu yake wala jeki hutoi, halafu unabonyeza ile nobu ya njano fo-wili inaingia, yaani mbele na nyuma zote zinavuta, unarudi nyumbani ukivutwa na ya mbele. Ami alikuwa na spea chini ya kiti, imefungwa kwa gunia, na akibadilisha huku anapiga soga. Lakini mara hii haikuwa haf-shafti. Baada ya Idd tu (Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa Januari), fundi alilala chini ya gari akakwangua tope kwa bisibisi pale springi ya kushoto inapokalia, na bisibisi ikaingia ndani ya kesi ya ekseli, lile ganda lake la nje. Ikaingia hivi hivi. Oili ikaanza kumchuruzikia mkononi, akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, njoo uone mwenyewe."

Ami akainama, akatazama, akasema wachomelee.

"Nilichomelea mwaka jana Mzee. Hii tundu iko pembeni ya ile niliyochomelea. Chuma kimekwisha, nitachomelea nini, kutu?"

Fundi wetu alikuwa Mgiriama wa Ganda, gereji yake chini ya mkwaju huko Barani, mtu mpole lakini akishasema kitu basi hata uje na chifu habadilishi. Ami naye ndiye Ami. Kwa hiyo ikawa tunatafuta ekseli.

Ya kwanza ilipatikana karibu, nyuma ya Kisumu Ndogo kwa jamaa mmoja aliyekuwa akinunua magari mabovu. Ilikuwa juu ya matairi mawili, imepakwa rangi nyeusi ambayo ilikuwa bado inanuka, na kwa macho ni ile ile yetu, kesi ile ile ya mviringo, bolti zile zile, na dramu zake za breki ni za inchi 11, za gari ndefu, si zile za inchi 10 za gari fupi. Ami akafurahi. Jamaa akaanza hadithi zake, imetoka kwa mzungu wa Watamu, haijaguswa, mzungu mwenyewe alikuwa akienda nayo kanisani tu. Bei akataja elfu 20.

Fundi hakusema kitu. Akaniambia, "We kijana, nipe choki."

Alichokifanya nakikumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu. Akapiga mstari wa choki kwenye flenji ya mbele, pale inapofungwa propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi, na mstari mwingine usawa wake juu ya difu, lile bonge la katikati ya ekseli lenye gia ndani. Akapiga alama kwenye dramu moja. Dramu ya upande wa pili akaniambia niikanyage, isizunguke hata kidogo. Halafu akaizungusha ile ya kwake pole pole, mizunguko miwili kamili, huku mimi nimekanyaga dramu na shingo nimeipinda kutazama flenji. Upande mmoja ukishikwa, mizunguko miwili ya upande wa pili ni sawa na mzunguko mmoja wa krauni, ile gia kubwa ndani ya difu, na flenji inakuonyesha propela imezunguka mara ngapi, hiyo ndiyo hesabu yake, na haidanganyi hata upake rangi gani.

"Ngapi?"

"Tatu na nusu."

"Rudia."

Tukarudia. Tatu na nusu na kitu kidogo.

Akasimama akajipangusa magoti. "Kesi ni ya Land Rover. Difu iliyo ndani ni ya Range Rover. Yetu ni nne na karibu robo tatu."

Jamaa wala hakuona haya, akasema si yote ni Rover, tena hii ndiyo nzuri zaidi, ina speedi! Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Ami aliposikia neno speedi macho yalimng'aa. Lazima umuelewe mtu ambaye miaka yote akienda Mombasa anapitwa na matatu za Peugeot, na lori, na siku moja nje ya Kilifi alipitwa na trekta wallahi, gari inalia weee mpaka akifika Kongowea masikio yamekufa. Difu ya 4.7 inafanya injini izunguke sana kwa kila mzunguko wa gurudumu, ina nguvu lakini haikimbii. Hii ya 3.54 injini ingetulia. Ami akauliza kwa sauti ya taratibu, ile ya mtu anayejifanya hana haja sana, "Na ikifungwa inaingia bila kukata kitu?"

"Inaingia," fundi akasema. "Hata haf-shafti zako zinaingia. Lakini fo-wili usahau."

Wakabishana palepale juani na jamaa akaleta hata viti. Hoja ya fundi ilikuwa hii: Land Rover za zamani hazina difu ya katikati, ukibonyeza nobu ya njano propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zinazunguka sawa. Kama mbele ni 4.7 na nyuma ni 3.54, magurudumu ya nyuma yanataka kwenda mbali kuliko ya mbele kwa mzunguko ule ule, nayo yako kwenye gari moja. Kwenye tope yatateleza kidogo, sawa, lakini ukipanda mahali pakavu bado umesahau kuitoa, kitu kitavunjika, na hakitakuwa kitu cha bei rahisi. Ami akasema basi tubadilishe na ya mbele pia, zote ziwe 3.54. Mimi niliona hapo Ami amempata. Fundi akacheka.

"Injini yako ni petroli lita 2.25, Mzee. Na imechoka. Umepakia maembe umetoka Marafa, umefika kwenye kilima, gia ya kwanza itakuwa ndefu, utapanda na klachi? Utanunua klachi ngapi?"

"Kuna ile lo," Ami akasema, maana yake ile lever nyekundu ya gia za nguvu za mwendo wa pole.

"Utaendesha na lever nyekundu kutoka Marafa mpaka Sabaki?"

Ami akanyanyuka akaenda kwenye gari. Hakusema ndiyo wala la, ila njiani kurudi Barani alisema peke yake, "Tatu na nusu, bwana," vile mtu anavyomtaja mchumba aliyekataliwa na wazee.

Kwa muda fulani maneno yakawa hayo hayo kila jioni, na kila aliyepita gerejini alikuwa na ushauri, maana gari bovu Malindi lina mafundi wengi kuliko gari zima. Mmoja akasema tufunge ekseli ya One Ten, zile Land Rover mpya zaidi zilizoanza 1983, kuna moja ya gari la safari lililopinduka njia ya Sala. Fundi akaipima kwa kamba akarudi akitikisa kichwa: ni pana kuliko yetu kwa inchi 7, imetengenezwa kwa springi za koili na sisi tuna springi za majani, na ratio yake ni ile ile 3.54. Hiyo tukaacha mapema.

Ndipo fundi akasikia ya Changamwe. Kuna yadi imevunja 109 ya Series III, na Series III ndefu zilikuja na ekseli ya nyuma ya Salisbury, kitu kizito, difu kubwa, haf-shafti nene. Mwenyewe alikuwa akiitamani siku nyingi na hasemi. Ami akampa nauli na mimi nikaenda naye wa kubeba spana, tukaondoka alfajiri.

Ile ekseli haikuwa na rangi. Ilikuwa na kutu ya juu juu, imelala kwenye mchanga pamoja na matumbo mengine ya magari, na fundi aliizunguka kimya kimya akiigonga na nyundo ndogo kila mahali, hasa pale springi zinapokalia, akisikiliza. Tukafanya tena ile ya choki: nne, na karibu robo tatu. Salisbury huwezi kuchomoa difu kwa mbele kama ile ya Rover, lazima ufungue kifuniko cha nyuma chenye bolti 10, na mwenye yadi hakutaka, alisema akishafungua nani atanunua gasketi. Fundi akatoa gasketi mfukoni, alikuwa ameikata mwenyewe kutoka kwa karatasi ya boksi usiku. Sijawahi kumwona mtu amejiandaa vile.

Kifuniko kikatoka, oili ikamwagika nyeusi, na hapo fundi akavuta pumzi, kwa sababu ingekuwa rangi ya chai ya maziwa ingekuwa maji yameingia na beringi zimekwenda. Akatumbukiza sumaku iliyofungwa kwa uzi chini ya kesi. Ikatoka na uji mweusi laini, akausugua kwa vidole viwili, akanisugulia na mimi nisikie: laini, hakuna punje. Punje ndizo mbaya, ni meno yanamomonyoka. Halafu akaizungusha krauni jino kwa jino akitazama na tochi, ikachukua muda mrefu mpaka mwenye yadi akaenda kuswali adhuhuri akarudi. Mwisho akashika flenji akaivuta na kuisukuma, ndani nje. Haikucheza.

Bei yake ilikuwa juu kuliko ile ya Kisumu Ndogo. Fundi akataka propela yake pia, kwa sababu pua ya Salisbury ni ndefu na propela yetu isingeingia, lakini ilikuwa ishauzwa. Hiyo ndiyo iliyoshusha bei. Fundi aliilaumu ile propela isiyokuwepo kwa ustadi mpaka mwenye yadi akaona kama anatuuzia nusu ekseli.

Kuisafirisha tukapata lori la chumvi lililokuwa likirudi Gongoni tupu, dereva akatuchukua kwa hela ya chakula, na pale Barani iliteremshwa na watu wengi wakisema kwa pamoja kila mmoja maneno yake. Propela yetu ya zamani ikaenda kwa watu wa leth, ile mashine ya kukereza chuma, kufupishwa, na fundi akaenda kusimama nao, kwa sababu zile uma mbili za mwisho lazima zikae usawa mmoja, zikipishana gari itatetemeka mpaka meno yakuume.

Kufunga kwenyewe hakukuwa na hadithi ila moja. Handbreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika dramu iliyo kwenye propela nyuma ya gia boksi, kwa hiyo ukishatoa propela ya nyuma huna handbreki, hata ukiivuta mpaka dirishani. Fundi analijua hilo vizuri na alikuwa ameweka mawe. Ami akafika, akaona mawe yamemzuia kuingiza baiskeli, akayasogeza. Gari ikateremka pole pole ikaenda kuegemea mkwaju. Hakuna aliyeumia. Ami akasema mkwaju uko karibu mno na gereji.

Safari ya kwanza ya Marafa tope lilikuwa bado halijakauka. Tulipofika pale pabaya Ami akabonyeza nobu ya njano kwa kiganja, gari ikavuta mbele na nyuma bila kelele, na fundi aliyekuwa nyuma juu ya makreti matupu akapiga bodi mara mbili. Ila Salisbury ni nzito, na tumbo lake linashuka chini kidogo kuliko la Rover, kwa hiyo katikati ya njia pale penye tuta tulikuwa tukisikia linakwaruza. Haf-shafti iliyokuwa chini ya kiti haikuwa na kazi tena, ikauzwa.

Ile ekseli nyeusi nayo ilipata mwenyewe, mzee mmoja mwenye 109 aliyekuwa akipeleka wageni Watamu na Gede, lami tupu. Fo-wili yeye alikuwa haihitaji. Alikuwa akitupita pale karibu na Gede, injini imetulia, mkono nje ya dirisha, na Ami anakanyaga mafuta mpaka mwisho huku akisema hebu aje naye Marafa tuone.